Jina Nililoliita Mwambani

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na kama ningepewa uchaguzi ningeisahau. Mengi ya ujana wangu yameshanitoka, hata sura za wasichana niliocheza nao ngoma, lakini siku hiyo imekataa kuondoka. Nilikuwa nimesimama juu ya mwamba bapa, huku huku Buswelu, mbele ya wanawake wapatao arobaini, nikaita jina la Minza mara tatu. Hakuna aliyeitika. Nikawageukia wenzangu nikasema kwa sauti ya mtu anayejiamini kwamba huo ulikuwa msiba wa tatu.

Nakueleza haya kwa sababu ya ujumbe ulionitumia juzi. Umechaguliwa kuwa katibu wa kikundi cha wanawake cha kuzikana hapo Kiseke, nami nilifurahi, maana kazi hiyo hawapewi wazembe. Lakini ukaniambia yuko mwenzenu mmoja, yule fundi cherehani, ambaye misiba mitatu hajaonekana, ujumbe hasomi, simu hapokei, na mmekubaliana kumwondoa Jumapili hii. Ukaniuliza kama ni sawa. Sikukujibu kwa simu. Vidole vyangu vizito, macho yamechoka, na jambo lenyewe haliingii kwenye ujumbe. Ndiyo maana nimekuita uje ukae hapa. Vumilia tu, mimi sina mwendo wa haraka tena.

Wakati ule Buswelu haikuwa mji. Ilikuwa mawe, mihogo, na kaya zilizotawanyika, kila moja na uzio wake wa minyaa. Sheria yetu ya misiba ilikuwa fupi na kila mtu aliijua tangu utotoni. Akifa mtu, kila kaya inatoa mwanamke mmoja na mzigo wa kuni, ndoo ya maji na bakuli la unga. Kesho yake tunakutana mwambani, majina yanaitwa, na aliyefika msibani anaitika, "Nipo." Ukikosa mara moja unaulizwa. Mara ya pili unaonywa. Mara ya tatu bila neno, unatengwa. Na kutengwa kwa siku zile si kuondolewa kwenye kundi la simu. Hakuna anayekusalimia. Hakuna anayekupa kaa la moto la kuwashia jiko. Kisimani wanachota na kuondoka kana kwamba hapo uliposimama hapana mtu, na ukifiwa utazika mwenyewe, mpaka siku utakapoleta mbuzi na kuomba radhi mbele ya wote.

Usinielewe vibaya, siidharau sheria ile. Ndiyo iliyowazika wazazi wetu kwa heshima, maskini na mwenye ng'ombe mia sawasawa. Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tulilijua hilo kabla ya kufundishwa shuleni. Kosa lilikuwa kwa mtu aliyeita majina, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilipewa kazi hiyo kwa sababu mbili. Kichwa changu kilishika majina ya kaya zote bila kuandika, na sauti yangu ilifika mbali. Mama mkwe wangu alizoea kunitania kwamba nikiita majina Buswelu, wavuvi wa Kirumba wanaitika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina mtoto mmoja, Shija, na kila mtu ananijua. Nikavimba kichwa. Nilidhani ananisifu.

Minza hakuwa mtu wa mbali kwangu, na hapo ndipo panaponiuma. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya mwamba, ukirusha jiwe linaangukia uani. Tulikuwa tunakwenda pamoja Mwaloni pale Kirumba kununua dagaa, tunawaleta huku na kuwauza kwa bakuli. Alikuwa na maneno yule. Angeweza kumwiga kila mchuuzi wa pale sokoni, jinsi anavyosimama na jinsi anavyoapa kwamba dagaa wake hawana mchanga, mpaka tunashindwa kutembea kwa kucheka. Mume wake alikuwa kwenye kambi za uvuvi visiwani, anarudi mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine harudi kabisa.

Alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipofikisha miezi mitano akashikwa na homa kali, na siku ya pili akafariki. Tulimzika, kuni na maji vikaletwa, majina yakaitwa, kila kitu kikaenda kwa utaratibu. Baada ya hapo kila mmoja akarudi shambani kwake. Mume naye, baada ya wiki moja, akarudi kambini.

Dalili nilikuwa nazo mkononi. Sikujua zinaitwaje, lakini niliziona. Tukikaa kuchambua dagaa, mkono wake ulisimama katikati ya ungo na yeye akabaki anautazama. Aliniuliza jambo moja asubuhi, akaniuliza tena mchana kana kwamba hatukuwahi kuliongea. Siku moja mvua ilinyesha dagaa wake wakiwa wameanikwa uani, naye amekaa mlangoni anawaangalia wakilowa. Alikonda. Homa zilimpanda na kushuka, na tangu ajifungue viganja vyake vilikuwa vyeupe. Aliniambia kwamba usingizi umemkimbia, anasikia jogoo wa kwanza na wa mwisho. Na kila tulipokuwa peke yetu alirudia maneno yale yale, "Mimi ndiye niliyemuua. Nilimbeba mpaka Mwaloni kwenye upepo wa ziwa."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ajikaze. Nikamwambia yeye si wa kwanza kufiwa na mtoto wala hatakuwa wa mwisho. Nilisema hivyo kwa nia njema kabisa, na nadhani ndiyo siku aliyoacha kuniambia mambo yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami wangu alikuwa mgongoni, mnene, anacheka.

Kisha akaacha kuja Mwaloni. Akakosa msiba wa kwanza. Watu wakasema ana majivuno, mume wake amepata mtumbwi wa pili. Akakosa wa pili. Wengine wakakumbushana kwamba shangazi yake, kule walikotoka, aliwahi kurukwa na akili akaokota makopo barabarani, kwa hiyo ukoo wao una mkono wa mtu, wamerogwa. Kila mmoja alikuwa na maelezo, mwanangu. Hakuna aliyekuwa na dakika za kushuka mwambani na kugonga mlango, hata mimi ambaye njia yangu ya kisimani ilipita pale pale. Onyo la msiba wa pili lilipaswa kufikishwa kwake nyumbani. Mimi nilimtuma mtoto aliyekuwa anapita na mbuzi apige kelele nje ya uzio, halafu nikahesabu kwamba ameonywa.

Ndiyo tukafika kwenye Jumamosi hiyo. Nilipotangaza kwamba ni msiba wa tatu, wanawake wakaguna, mwenyekiti wetu akatikisa kichwa, na kwa vile mimi ndiye niliyekuwa na sauti, nikapewa kazi ya kutangaza kwamba Minza ametengwa. Niliitangaza vizuri sana. Nilijitahidi hata watu wa kaya za mbali wasikie.

Siku ya nne nilikutana naye kisimani, sisi wawili tu. Alikuwa amefunga kanga ovyo, upande mmoja unaburuta. Aliponiona akainama kidogo, akasema, "Mwangaluka." Nakuita mwanangu kwa mapenzi tu, wewe si Msukuma, lakini umeishi huku, unajua uzito wa salamu kwetu. Mtu anaweza kukunyima chakula mkapatana kesho, lakini akikunyima salamu amekufuta. Nikajaza ndoo yangu. Nikajitwisha. Nikaondoka bila kumjibu. Nikasikia nyuma yangu amesalimia tena, polepole, labda alidhani sikusikia mara ya kwanza.

Naona aibu mpaka leo. Nimeungama kanisani, nimesamehewa, aibu bado ipo.

Aliyenipindua ni mama mkwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, asiyependa mikutano. Baada ya wiki mbili hivi nilimwona mchana kweupe anatoka na kigae chenye makaa mkono mmoja, na bakuli la uji mkono wa pili, anashika njia ya kwa Minza. Nikamkimbilia. Nikamkumbusha kwamba aliyetengwa hapelekewi moto, na kwamba watu wakimwona watatutenga na sisi, tena mimi ndiye mwita majina, nitaiweka wapi sura yangu.

Hakusimama. Alisema akiwa anatembea, "Mama Shija, jina la mwenzako umeliita mara ngapi?"

Nikamjibu kwamba nimeliita kwenye misiba mitatu, kila msiba mara tatu.

"Mara tisa," akasema. "Na mara tisa hukuitikiwa. Mbuzi wako asipoitika mara moja tu, unaacha chungu motoni unakwenda kumtafuta."

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi katika maisha yangu, na waume na wakwe na mapadri. Hakuna karipio lililoniingia kama hilo. Nilichukua lile bakuli la uji mkononi mwake, nikamfuata.

Tulimkuta Minza amekaa sakafuni. Nyumba ilikuwa baridi, jiko halijawaka siku kadhaa. Mlangoni kulikuwa na mzigo wa kuni uliofungwa vizuri kwa kamba ya katani, na sikuelewa kwa nini mtu mwenye kuni nyingi kiasi kile akae bila moto. Mama mkwe hakumuuliza kwa nini hakuja misibani. Aliwasha jiko, akaketi karibu yake, akashika mguu wake kama unavyoshika mguu wa mtoto mwenye homa. Walikaa hivyo muda mrefu. Kisha Minza akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba angeshukuru kama kesho asingeamka. Mama mkwe akamwambia, "Umefanya vizuri kulisema. Kuanzia sasa hutalala peke yako." Na hakulala peke yake. Usiku ule mama mkwe alihamia kwake na mkeka, na asubuhi tukampeleka hospitali mjini.

Muuguzi aliyetupokea hakuanza na dawa. Alianza na maswali, tena mengi. Alitaka kujua analala kiasi gani, anakula nini, homa zilianza lini, alipoteza damu nyingi alipojifungua au hapana. Akauliza kama anasahau, kama akili yake inarudia wazo moja, na wazo lenyewe ni lipi. Akauliza kama katika ukoo wao yupo aliyewahi kuugua hivyo. Niliyajibu yote. Nilishangaa mwenyewe jinsi nilivyokuwa nayajua. Halafu akauliza swali la mwisho: nyumbani anaongea na nani?

Mama mkwe akanitazama. Nikasema hakuna. Muuguzi akauliza kwa nini, na mimi, mwenye sauti inayofika Kirumba, nikasema kwa kunong'ona, "Tumemtenga."

Hakunigombeza. Aliweka kalamu mezani, akanieleza taratibu kwamba ugonjwa wa akili mara chache unakuja na sababu moja. Ni kama mizigo ya kuni unayotwishwa mmoja juu ya mwingine. Kufiwa ni mzigo. Homa zisizoisha ni mzigo, na upungufu wa damu, na kukosa usingizi. Mume wa mbali, ukoo wenye historia, akili inayomlaumu mwenye nayo kutwa nzima, yote ni mizigo. Alisema wapo wanaobeba yote hayo wasiugue, na wapo wanaougua bila hata mmoja, kwa hiyo mtu asijifanye mpiga ramli. Ila ukiona mizigo inaongezeka kwa mtu mmoja, usisubiri aanguke ndipo umsogelee. Na akasema upweke ndio unaovunja shingo za wengi. Huo tulimtwisha sisi, kwa kikao halali na kwa sheria yetu.

Walimtibu malaria, wakamwongezea damu, wakampa dawa za kumtuliza na kumrudishia usingizi. Alikaa huko zaidi ya mwezi mmoja. Mama mkwe naye akapanda mwambani, yeye asiyependa mikutano, akawaambia wanawake kwamba Minza anarudi nyumbani na atasalimiwa. Mwenyekiti akauliza habari ya mbuzi. Mama mkwe akasema mbuzi atatoa yeye, tena mbuzi wangu mimi mkwe wake, kwa sababu aliyekosa ni mwenye mdomo bila miguu. Watu wakacheka. Nilisimama mbele yao wote nikaomba radhi. Tuliongeza neno moja kwenye sheria yetu siku ile: jina lisipoitikiwa, watu wawili wanaondoka hapo hapo kwenda kumwona mwenye nalo, kabla jina la mwingine halijaitwa.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Wako waliomsalimia Minza kwa mbali miaka mingi, na wengine waliwakataza watoto wao kula kwake. Mume wake alichelewa kuelewa. Yeye mwenyewe alirudi, lakini si kama alivyokuwa. Ule uigaji wa wachuuzi niliuona tena mara mbili tatu tu. Alizaa wengine, akawalea vizuri. Kuna miezi alikuwa mzima kabisa, na kuna majira, hasa mwezi aliofiwa, kivuli kilimrudia, nasi tukajua: mmoja analeta uji, mwingine anakumbusha dawa, mwingine anakwenda kukaa tu. Inachosha. Sitakuficha hilo pia. Nimekaa naye miaka zaidi ya thelathini, na kuna siku nilichoka naye mpaka nikajificha. Kesho yake nikaenda.

Yupo mpaka leo, kwa binti yake, nyumba ya tatu kutoka hapa. Mwaka jana tulikuwa tunamenya karanga wote wawili, nikapata ujasiri wa kumuuliza kitu kilichonisumbua tangu ujana. Nikamuuliza zile kuni zilizofungwa mlangoni, siku tuliyomkuta, zilikuwa za nini.

Akaniambia zilikuwa za msiba. Kila alipokufa mtu alifunga mzigo wake wa kuni, akavaa kanga, akasimama nyuma ya mlango. Miguu ikakataa. Hakuweza kueleza, alisema mlango ulikuwa wazi lakini ulikuwa mbali. Akawa anasimama hapo mpaka kesho yake, nikipanda mwambani kuita majina.

"Nilikuwa nakusikia vizuri," akasema. "Ukiita Minza, naitika. Kila mara niliitika, 'Nipo.' Nikasema moyoni, Mama Shija amenisikia, sasa hivi atashuka."

Akaendelea kumenya karanga. Mimi sikuweza.

Sasa wewe umekuja kuniuliza kama ni sawa kumwondoa yule fundi. Nami nakuuliza: cherehani yake mmeisikia lini mara ya mwisho? Analala? Anakula? Amepoteza nini mwaka huu, na nani amekaa naye tangu akipoteze? Ana sukari au presha ambayo ameacha kuinywea dawa? Maneno gani anayarudia juu ya nafsi yake? Kama huyajui, basi hujui kama amekosa au anaumwa, na hukumu usiyoijua chanzo chake usiitangaze. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimwambie ajikaze, maana angekuwa na cha kujikazia angeshajikaza. Usianze na misiba aliyokosa. Washa jiko, keti, nyamaza naye. Akisema hataki kuamka kesho, usimkaripie wala usikimbie; kaa naye, ita mwenzako, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na jina la mtu liite mara moja tu kwa mdomo. Mara ya pili liite kwa miguu.

Utachoka, nakuambia mapema. Choka, pumzika, mpokezane, halafu rudi. Kikundi cha kuzikana kisichojua kumtazama mtu akiwa hai kinasubiri maiti tu.

Mungu akupe masikio yanayofika mbali kuliko sauti yako. Akupe jirani atakayegonga siku mlango wako utakapokuwa mbali na wewe, na akuondolee aibu ya aina yangu uzeeni. Haya, inuka, usisubiri Jumapili, jua bado liko juu na Kiseke si mbali. Huenda hivi tunavyoongea yule fundi anaitika.